Bunduki ya Ngomano: rajamu humtaja aliyenunua, si aliyebeba

Tarehe 25 Novemba 1918, pale Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala nchini Zambia, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alikabidhi silaha za jeshi lake kwa Waingereza. Orodha aliyoiacha katika kumbukumbu zake ni fupi: mzinga mmoja wa Kireno, bombomu 37 ambazo saba tu ndizo za Kijerumani, na bunduki 1,071, zote za Kiingereza na Kireno. Jeshi la Wajerumani lililopigana miaka minne, kuanzia Tanga hadi Msumbiji, lilimaliza Vita vya Kwanza vya Dunia bila bunduki hata moja ya Kijerumani katika hesabu yake. Na kuna kioja ndani ya kioja: baadhi ya hizo za Kireno zilikuwa zimetengenezwa Berlin.

Orodha hiyo inawaumbua wengi wanaokusanya bunduki kuukuu za vita. Mtu hukuta taji na herufi juu ya chuma, akatamka mara moja kwamba bunduki ni ya fulani. Lakini rajamu humtaja aliyeinunua kiwandani. Aliyeibeba begani, akaitupa kichakani au akamnyang'anya adui, hakuwa na nyundo ya kugongea jina lake.

Kwa pwani yetu jambo hili lina uzito wake. Kilangala, katika jimbo la Mchinga, iko kati ya Kilwa na Lindi, bandari mbili ambazo Waingereza walizitwaa Septemba 1916. Mwaka uliofuata jeshi moja lilisukuma kutoka Kilwa kuelekea bonde la Mbwemkuru, na lingine likapanda kutoka Lindi kufuata mto Lukuledi. Narungombe, Narunyu, Nyangao, Mahiwa: katika ardhi hiyo walipita askari wa KAR (King's African Rifles), Wanaijeria, Wahindi, Waafrika Kusini, Waingereza wenyewe, na upande wa pili askari wa Schutztruppe, jeshi la Kijerumani la koloni. Silaha zilizoangukia huku ni mchanganyiko wa dunia nzima. Mtu akikwambia ana "bunduki ya Mjerumani", muulize kwanza: ya Mjerumani kwa kutengenezwa, kwa kununuliwa, au kwa kubebwa? Ni maswali matatu, na mara nyingi yana majibu matatu tofauti.

Tuondoe gobore mezani. Gobore hushindiliwa baruti mdomoni, nyingi zimefuliwa au kuungwaungwa na mafundi wa vijijini, na kazi yake ya miaka mingi imekuwa kufukuza nguruwe na ngedere mashambani. Ina historia yake, hasa katika vita vya Majimaji vilivyoanzia milima ya Matumbi mwaka 1905, ila hiyo si bunduki ya ghala la jeshi.

Bunduki ya jeshi ambayo wazee wa pwani hii waliiona kuliko nyingine ni Mauser ya mfano wa 1871, ile fupi kidogo iliyoitwa Jägerbüchse. Ilibeba risasi moja tu kwa wakati, tundu lake lilikuwa na kipenyo cha milimita 11 na ushei, na ilitumia baruti nyeusi. Vita vya 1914 vilipoanza, kombania nyingi za askari wa Kijerumani zilikuwa bado zinaitegemea. Ubaya wake ulikuwa moshi: kila mlio ulipandisha wingu jeupe juu ya majani, na adui akajua pa kuelekeza bombomu. Ubavuni kwake huandikwa Mod. 71, na zile za huku zinaweza kuwa na herufi Sch.D.O.A., yaani jeshi la ulinzi la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ukiziona herufi hizo zimegongwa zamani, zikiwa na kutu ileile ya chuma kinachozizunguka, hapo una ushahidi mzito. Zikiwa zinang'aa mashimoni huku chuma kingine kimekuwa cheusi, mtu amezigonga juzi.

Namba ya bunduki nayo ina mtego wake. Kwenye Mauser za Kijerumani za 1898, kiwanda kilihesabu hadi 9999, kikaongeza herufi na kuanza upya, na mwaka mpya ukarudisha hesabu mwanzo. Kwa hiyo namba bila jina la kiwanda na mwaka ni sawa na jina "Juma" bila jina la baba. Faida yake kubwa ni kulinganisha vipande. Namba ya mtutu, ya bolti na tarakimu za mwisho kwenye vipande vidogo zikipatana, bunduki haijachanganywa. Zisipopatana, imepitia karakana, au askari wawili walibadilishana bolti wakati wa kusafisha. Wakusanyaji hushusha bei wakiona hivyo. Mimi huuamini zaidi mchanganyiko: bunduki iliyofanya kazi miaka minne porini ina sababu gani ya kuwa nadhifu?

Kuna shahidi ambaye wakusanyaji humdharau kwa kuwa hauziki: ganda la risasi. Bunduki hutembea, lakini ganda hubaki pale lilipodondoka. Ganda la Mauser ya 1871 ni nene na lina ukingo uliotokeza kitakoni. La Kiingereza la milimita 7.7 nalo lina ukingo, ila ni jembamba na hunyooka kwenda juu kama chupa ndogo; kitakoni unaweza kukuta K, 16 na VII, maana yake kiwanda cha Kynoch, mwaka 1916, risasi ya mfano wa saba. La Kijerumani la milimita 7.92 halina ukingo, lina mfereji tu. Mkulima akiyachimbua maganda ya aina moja yamejipanga kwenye mstari, na ya aina nyingine ng'ambo ya korongo, amesoma mapigano vizuri kuliko mwenye bunduki ukutani Ulaya. Lakini hata hapo kuna tahadhari. Tanga, Novemba 1914, Wajerumani waliteka mamia ya bunduki za Kiingereza na risasi zipatazo 600,000. Maganda ya Kiingereza peke yake hayathibitishi kwamba Mwingereza ndiye aliyesimama pale.

Sasa tuifikie bunduki ambayo hupigiwa chapuo kuliko zote: Mauser-Vergueiro ya Wareno, mfano wa 1904, milimita 6.5. Hadithi yake huanzia Lindi. Katikati ya Oktoba 1917, Mahiwa, Waingereza walipoteza watu zaidi ya 2,000 kwa kuuawa na kujeruhiwa, lakini Lettow-Vorbeck naye alimaliza karibu akiba yote ya risasi za baruti isiyo na moshi. Mwaka mmoja na nusu kabla yake meli ya Marie ilikuwa imeingia ghuba ya Sudi, kusini mwa Lindi, na mzigo wa silaha. Baada ya Mahiwa hakuna meli nyingine iliyotarajiwa. Juu ya uwanda wa Makonde alipunguza jeshi hadi askari wapatao 2,000, akawaacha wengine nyuma, kwa sababu kilichopungua kilikuwa risasi. Kisha akavuka mto Ruvuma na kuingia Msumbiji ya Wareno. Tarehe 25 Novemba 1917, mwaka mmoja kamili kabla ya Abercorn, akaivamia kambi ya Wareno Ngomano, Ruvuma inapokutana na Lugenda. Mamia ya bunduki na takriban risasi 250,000 zikawa zake, na Mauser za 1871 zikapata kustaafu.

Ndiyo maana muuzaji akiwa na Vergueiro atakwambia imetoka Ngomano. Kuitambua ni rahisi hata rajamu ikiwa imelika: mkono wa bolti hukaa mbele ya daraja la nyuma, na daraja hilo limepasuliwa katikati ili mkono upite. Juu ya chuma kinachoshika mtutu kuna taji na herufi za Mfalme Carlos wa Kwanza, aliyeuawa Lisbon mwaka 1908. Ubavuni kuna jina la kiwanda cha DWM cha Berlin. Hayo yote yanathibitisha kwamba Ureno iliinunua, basi.

Tafuta kwanza alama ya mshale ndani ya herufi U. Ukiikuta, hadithi ya Ngomano imekufa papo hapo: hiyo ni mali ya Afrika Kusini, ambayo katika vita vilevile ilichukua maelfu ya Vergueiro kutoka Ureno. Halafu pima tundu. Ureno ilizibadilisha nyingi kuwa za milimita 7.92, zikaitwa mfano wa 1904/39. Iliyobadilishwa hivyo ilikuwa bado mikononi mwa Wareno miaka mingi baada ya vita, kwa hiyo ni vigumu kuamini kwamba ilikuwamo katika zile zilizokabidhiwa Abercorn. Iliyobaki 6.5, isiyo na alama ya Afrika Kusini, na ambayo inajulikana imechimbuliwa upande gani wa Ruvuma, hiyo naipa "huenda" nzito. "Ndiyo" siitoi mpaka nione karatasi ya zama hizo yenye namba yake.

Ombi kwa msomaji wa Kilangala, Mchinga au Nyangao: ukikuta chuma cha namna hii, usikipige msasa na usijaribu kukifyatua, maana risasi ya miaka mia moja bado inaua. Piga picha ya kila alama, andika shamba na kina ulichochimba, mwulize mzee wa hapo akiwa bado yupo, kisha kipeleke polisi. Sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 hairuhusu kukaa nacho bila leseni, hata kama kimeoza.