Vihusishi Baada ya Vivumishi vya Kiingereza: Uhakiki wa Mafunzo ya Orodha

Vitabu vingi vya Kiingereza hufundisha vihusishi vifuatavyo vivumishi kwa njia ya orodha. Mwanafunzi hupewa "afraid of", "different from", "married to" na "proud of" kwa mpango wa alfabeti, akaambiwa azikariri. Njia hii ina kasoro moja kubwa: humchukulia mwanafunzi kana kwamba hana lugha nyingine.

Mwanafunzi wa Kishushe, katika Taita Taveta, ni mfano ufaao. Kidawida ni lugha ya nyumbani, Kiswahili ni lugha ya sokoni. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo la shule itumiwe kufundishia katika madarasa matatu ya mwanzo. Kwa hiyo Kiingereza humkuta mtoto akiwa na sarufi kamili, na katika sarufi hiyo mambo mengi ambayo Mwingereza huyaeleza kwa kivumishi na kihusishi hayahitaji hata kimojawapo. Mkulima alindaye shamba lake usiku "anaogopa ndovu": kitenzi na yambwa, basi. Akimkasirikia jirani au akijivunia mavuno, uhusiano umo ndani ya kitenzi chenyewe, katika kauli ya kutendea. Si ajabu kwamba baadhi ya sarufi za Kiswahili zilizoandikwa kwa Kiingereza ziliiita kauli hiyo "prepositional".

Mahali ambapo Kiswahili hutumia neno la pekee, mara nyingi neno hilo ni "na": tofauti na, sawa na, mbali na, ameolewa na. Neno hilo moja hubeba mzigo ambao Kiingereza kimewagawia "from", "to", "by" na "with". Mwanafunzi aliyekwisha kufunzwa kwamba "na" ni "with" huandika "different with" na "married with", akakatwa alama. Huandika pia "pleased with", kwa kufuata "kupendezwa na", akasifiwa. Kanuni aliyoifuata ni ileile. Kilichobadilika ni bahati.

Yaweza kudaiwa kwamba orodha haiepukiki, kwa kuwa Kiingereza chenyewe hakina kanuni moja. Dai hili lina ukweli: Waingereza wengi husema "different to", na Wamarekani wengi "different than". Hata hivyo, lisiloepukika ni kukariri, wala si mpango wa alfabeti. Vivumishi hivyo vyaweza kupangwa katika makundi matatu kwa kufuata Kiswahili: vinavyolingana na kitenzi na yambwa, vinavyolingana na kauli ya kutendea, na vinavyolingana na "na". Kundi la tatu lastahili muda mwingi zaidi, maana ndilo lizaalo makosa yenye kanuni.

Jambo hili si dogo. Mtihani wa KCPE, uliofanywa tangu 1985 hadi 2023, uliamua nani aendelee na shule ipi, na Kiingereza kilikuwa miongoni mwa masomo yake. Mtihani huo umeondoka, lakini kalamu nyekundu ingalipo. "Different with" husomwa kuwa dalili ya uvivu, hali ni ushahidi wa akili iliyofuata sarufi yake kwa uaminifu. Mwalimu asiyeijua sarufi hiyo husahihisha neno, akaiacha sababu ya kosa palepale ilipo.