Kumtuliza Mgonjwa wa Meno Katika Mwinuko wa Nakuru

Utulizaji wa mgonjwa akiwa na fahamu ni njia ya kupunguza hofu wakati wa upasuaji wa kinywa, nayo hutofautiana na nusukaputi kwa kuwa mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe na kuitika anaposemeshwa. Haiondoi maumivu, kwani kazi hiyo hubaki kwa sindano ya ganzi, bali hulegeza woga unaomfanya mtu akaze taya na kurudisha kichwa nyuma pindi aionapo sindano yenyewe.

Dawa inayotumika sana kwa njia ya mshipa ni midazolamu, ambayo hutiwa kidogo kidogo, pengine miligramu 1 kisha kungojwa dakika 2 hivi kabla ya kuongezwa, na ambayo aghalabu humsahaulisha mgonjwa yaliyotendeka. Nyingine ni nitrasi oksidi, gesi ambayo Horace Wells, daktari wa meno wa Hartford, Marekani, aliivuta mwaka 1844 ili ang'olewe jino lake mwenyewe, na ambayo siku hizi huchanganywa na oksijeni na kuvutwa kwa kifuniko cha pua.

Gesi hiyo ndiyo inayodai uangalifu wa pekee mjini Nakuru. Mji huo upo mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni takriban asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Na kwa vile nguvu ya gesi mwilini hutegemea kanieneo yake, wala si asilimia inayosomeka kwenye mashine, mchanganyiko wenye asilimia 50 ya nitrasi oksidi humtuliza mgonjwa wa Nakuru kama ambavyo asilimia 40 ingemtuliza yule wa pwani. Huko Molo, juu zaidi, pengo hupanuka.

Kwa hiyo kipimo cha kutegemewa ni sauti ya mgonjwa: akiambiwa afungue mdomo, afungue, akiulizwa hali, aitike, hata kwa kuguna tu. Asipoitika, amevuka mpaka wa utulizaji, na dawa haiongezwi tena. Ni hatari basi kumsemesha kwa Kiingereza mzee aliyezoea Kikuyu au Kikalenjin, kwa kuwa kimya cha kutoelewa hufanana mno na kimya cha kuzidiwa na dawa.

Aliyepewa midazolamu asipandishwe bodaboda peke yake. Asindikizwe na mtu mzima hadi nyumbani, wala asiendeshe chombo chochote kabla ya saa 24 kupita.