Jinsi doksorubisini ilivyofungiwa ndani ya kifuko cha mafuta

Doxil iliidhinishwa Marekani mwezi Novemba 1995, ikawa dawa ya kwanza ya kiwango cha nano kuruhusiwa kutumika nchini humo. Kiini chake hakikuwa kigeni. Ni doksorubisini, dawa ya saratani iliyokuwa ikitumika hospitalini tangu miaka ya 1970, ambayo huua seli za uvimbe lakini pia hudhuru moyo wa mgonjwa. Jipya lilikuwa chombo kilichoibeba: liposomu, kifuko cha mafuta chenye kipenyo cha nanomita 80 hadi 100.

Liposomu zilielezwa kwa mara ya kwanza na Alec Bangham na wenzake huko Babraham, karibu na Cambridge nchini Uingereza, katika miaka ya 1960. Molekuli ya fosfolipidi, aina ya mafuta inayounda liposomu, ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Molekuli hizo zikitiwa majini hujipanga zenyewe katika tabaka mbili, mikia ikielekeana ndani na vichwa vikibaki upande wa maji. Kwa kuwa kingo za utando huo nazo zingeiacha mikia wazi, utando hujikunja na kujifunga, ukinasa maji kidogo ndani. Utando unaozunguka kila seli ya mwili umejengwa kwa msingi huohuo. Bangham alionyesha pia kwamba chembe zenye chaji hazipiti humo kwa urahisi, na hapo ndipo ulipo ufunguo wa mambo yote yaliyofuata.

Kutengeneza kifuko ni rahisi. Kazi ni kukijaza dawa na kuizuia isitoke. Huko Jerusalem, katika miaka ya 1980, Yechezkel Barenholz wa Chuo Kikuu cha Hebrew na daktari wa saratani Alberto Gabizon walijaribu kwanza kuiweka doksorubisini ndani ya utando wenyewe. Wagonjwa walipopewa, dawa ilichujuka kwenye damu mapema, na vifuko vikamezwa na seli walinzi za ini na wengu kabla ya kufika kwenye uvimbe. Ilibidi dawa ihamishiwe kwenye maji ya ndani ya kifuko, tena kwa wingi, ilhali nafasi iliyomo humo ni ndogo mno.

Suluhisho lilitokana na salfeti ya amonia, chumvi ileile ambayo wakulima wa Afrika Mashariki huinunua kama mbolea ya SA. Vifuko hutengenezwa ndani ya mmumunyo wa chumvi hiyo, kisha iliyobaki nje huondolewa, ili ndani iwe nyingi na nje isiwepo karibu kabisa. Baada ya hapo doksorubisini huongezwa nje, na mchanganyiko hupashwa moto hadi utando ulegee. Sehemu ya dawa isiyo na chaji hupenya utando. Ikifika ndani hupokea protoni, hupata chaji, na njia ya kurudi hufungika. Protoni hizo hutoka kwa amoni iliyomo katika chumvi hiyo, ambayo ikishaziachia hubaki amonia tupu, gesi inayopita utando kwa wepesi na kwenda zake. Kadiri amonia inavyotoka ndivyo dawa inavyovutwa kuingia. Ndani, doksorubisini huungana na salfeti na kuganda kuwa fuwele. Zaidi ya asilimia 90 ya dawa huingia kwa njia hii, na kila kifuko hubeba molekuli zisizopungua maelfu kadhaa. Hakuna pampu wala kimeng'enya: tofauti ya ukolezi peke yake inatosha. Katika historia ya utengenezaji wa dawa ni vigumu kupata hatua iliyofikiriwa vizuri kuliko hii.

Utando uliimarishwa kwa kolesteroli na kwa fosfolipidi ya soya iliyojazwa haidrojeni, ambayo hubaki ngumu katika joto la mwili. Juu yake zikapandikizwa nyuzi za PEG, polima inayovuta maji na kuzizuia protini za damu zisikishike kifuko. Kwa hiyo liposomu huzunguka mwilini siku kadhaa, na zingine hupenyeza kwenye uvimbe ambao mishipa yake ya damu inavuja.

Matumizi ya kwanza yaliyoidhinishwa yalikuwa sarakoma ya Kaposi kwa wagonjwa wa UKIMWI, saratani inayojulikana sana Uganda na nchi jirani. Saratani ya ovari ilifuata mwaka 1999. Madhara kwa moyo yalipungua waziwazi. Badala yake yakaja maumivu na michubuko ya viganja na nyayo, kwa sababu vifuko vinavyokaa muda mrefu kwenye damu hufika hata kwenye ngozi.

Ingawa mbinu ya kuijaza dawa kwenye vifuko ilichapishwa katika majarida ya sayansi, toleo la kwanza la kampuni nyingine liliidhinishwa Marekani mwaka 2013 tu, baada ya uhaba mkubwa wa Doxil ulioanza 2011. Ukubwa wa kifuko, umbo la fuwele na kasi ya kuvuja lazima vyote vilingane na dawa ya asili, na hilo hufikiwa kiwandani kwa taabu.