Mpiga Chapa, Mtoaji na Muuza Vitabu: Maandishi ya Chini ya Ukurasa wa Jina katika Vitabu vya Kiswahili

Mchunguzi wa vitabu vya Kiswahili hulisoma kwa makini jina la kitabu na la mtungaji wake, kisha huyapita kwa haraka maandishi madogo yaliyo chini ya ukurasa huo huo: mji, nyumba iliyokitoa kitabu, na mwaka. Huyanakili katika orodha yake akaendelea na kazi. Desturi hiyo imezaa makosa, maana maandishi hayo machache yahusu mambo matatu yaliyo mbalimbali: nani alipiga chapa, nani alitoa fedha na kushika haki, na nani alikiuza kitabu. Asiyeyatenganisha hayo hawezi kuieleza sawasawa asili ya maandishi anayoyachunguza.

Wauza vitabu wa London katika karne ya 18 waliyatenganisha waziwazi. Kamusi ya Samuel Johnson, iliyotoka mwaka 1755, yaonyesha chini ya ukurasa wake kwamba ilipigwa chapa na W. Strahan kwa ajili ya nyumba tano za wauza vitabu, miongoni mwao Longman, Millar na Dodsley. Strahan alikuwa na mitambo. Wale wengine walikuwa na mtaji na mafungu ya haki. Johnson mwenyewe alikwisha patana nao mwaka 1746 kwa ujira wa gini 1,500. Wauza vitabu hao walidai kwamba haki ya kitabu haina mwisho, mpaka mwaka 1774 shauri la Donaldson na Becket lilipokata kwamba ina muda wake. Nyumba ya Longman, iliyoanzishwa mwaka 1724, ndiyo iliyokuja kutoa Sarufi ya Kiswahili ya E. O. Ashton mwaka 1944.

Kiswahili hakikukosa maneno ya kutenganisha kazi hizo. Kutokana na neno chapa, lililotoka Bara Hindi, kimeundwa kitenzi kuchapa. Na kwa kuongezwa kiambishi cha kusababisha, kuchapisha. Kwa kanuni ya sarufi, mchapaji ni yule afanyaye kazi ya mtambo, na mchapishaji ni yule amfanyizaye mwingine kazi hiyo. Lakini matumizi yameichafua tofauti hiyo. Mtungaji husema amechapisha kitabu. Mwenye kiwanda husema hivyo hivyo. Na mwenye duka naye hali kadhalika. Neno lililokuwa na maana thabiti limekuwa kapu la kila kitu, na kwa sababu hiyo swali la nani mwenye kitabu haliulizwi.

Hasara yake huonekana vitabu vyenyewe vinapotazamwa. Desturi za Wasuaheli ilitoka Göttingen mwaka 1903 kwa nyumba ya Vandenhoeck & Ruprecht, na jina lililotangulia ni la Carl Velten. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye kalamu yake ilifanya sehemu kubwa ya kazi ile, hakupewa cheo cha mtungaji. Ilipotolewa tafsiri ya J. W. T. Allen na University of California Press mwaka 1981, ndipo jina la Mtoro lilipoingia katika jina la kitabu, naye alikwisha fariki Berlin tangu mwaka 1927. Orodha isemayo tu “Göttingen, 1903” yaficha dhuluma hiyo.

Yatazamwe na maandishi ya Shaaban Robert. Kusadikika ilitoka kwa Nelson mwaka 1951, Adili na Nduguze kwa Macmillan mwaka 1952, na Kielezo cha Insha kwa Witwatersrand University Press, Johannesburg, mwaka 1954. Atakayechora ramani ya fasihi ya Kiswahili kwa kufuata miji hiyo atauweka mji wake mkuu ng'ambo, ilhali mtungaji alikuwa mtu wa Tanga. Tena ni huko Tanga alikotumia jina la Art and Literature kutoa vitabu vyake mwenyewe, kama Almasi za Afrika ya mwaka 1960. Hapo mtungaji na mtoaji ni mtu mmoja. Jambo hilo ni kubwa katika maisha ya mshairi, nalo limeandikwa katika mstari usiosomwa. Vivyo hivyo Rosa Mistika ya Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, huandikwa “Nairobi, 1971”, kwa kuwa East African Literature Bureau ilikuwa na makao yake huko.

Yaweza kujibiwa kwamba nyumba ya kutoa vitabu si mfuko wa fedha tu. Jibu hilo ni la haki. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilishinda katika mashindano ya Bureau hiyo ya mwaka 1957–58, kisha ikatolewa mwaka 1960. Hivyo nyumba iliteua, na kwa kuteua ikaelekeza fasihi. Lakini hoja hiyo yaongeza sababu ya kuyasoma maandishi yale, wala haiipunguzi.

Wala jambo hili si la wenye maktaba kubwa peke yao. Mwalimu wa Rujewa, katika nchi tambarare ya Usangu, yu mbali na Dar es Salaam na Nairobi. Hana wa kumwuliza habari za kitabu ila kitabu chenyewe. Akiwa na Kusadikika ya Nelson mkononi, na mwanafunzi wake ana ile ya Mkuki na Nyota, nyumba iliyoanzishwa na Walter Bgoya mwaka 1991, yampasa ajue kama maneno ni yale yale na kurasa ni zile zile kabla ya kusahihisha insha. Mstari wa chini ndio shahidi wake wa kwanza.

Kwa hiyo yafaa orodha za vitabu vya Kiswahili zitaje mbalimbali mchapaji, mchapishaji na, inapojulikana, mwenye hakimiliki. Na neno mchapishaji lirudishiwe maana iliyomo katika umbo lake. Mtungaji atakayejua tofauti ya maneno hayo atajua pia anatia sahihi mkataba wa namna gani.