Kabla ya Kuiwasha Upya

Kompyuta inayoendesha mtambo wa maabara ikiganda katikati ya kazi, mkono hukimbilia swichi. Inazimwa, inawashwa, sampuli inarudiwa, siku inaendelea. Fundi anayeuzuia mkono huo kwa dakika chache anastahili heshima ileile anayopewa mtafiti, kwa sababu kazi yao ni moja. Kuganda kuna chanzo, na ushahidi wake bado uko pale: maneno yaliyobaki kwenye kioo, saa iliyosimama, taa ya kebo iliyozimika. Anayewasha upya kabla ya kuyaandika hayo amefuta nyayo za mwizi kwa ufagio wake mwenyewe.

Fundi mzuri huuliza kwanza saa. Kompyuta inayozimika kila jokofu kubwa linapoanza kunguruma inamwelekeza kwenye umeme. Inayopoteza mawasiliano na mtambo usiku, baada ya muda mrefu bila kuguswa, huenda imelaza tundu la USB ili kubana matumizi ya umeme, ilhali mtambo ungali unapima. Mfumo wa Windows 95 nao ulikuwa na kosa lililofuata saa. Ulihesabu milisekunde tangu kompyuta ilipowashwa, na hesabu yake ilijaa ikifika 4,294,967,296, yaani siku 49 na saa 17 hivi. Hapo mfumo uliweza kuganda. Aliyezima kompyuta kila jioni hakuliona kamwe. Aliyeiacha iendeshe jaribio la miezi miwili alikutana nalo, na bila tarehe mbili zilizoandikwa daftarini asingekuwa na pa kuanzia. Kisha fundi hubadilisha kitu kimoja tu, na kungoja. Kungoja ndiko kugumu. Anayebadilisha kebo, kadi na programu kwa siku moja huenda akaiponya mashine, lakini hatajua dawa ilikuwa ipi.

Mfano ninaouthamini kuliko yote ulitokea mbali na maabara yoyote ya duniani. Chombo cha anga cha Mars Pathfinder kilitua Mirihi tarehe 4 Julai 1997, na siku chache baadaye, muda mfupi baada ya kuanza kupima hali ya hewa, kompyuta yake ikawa inajiwasha upya yenyewe. Wahandisi wake wa Jet Propulsion Laboratory, California, hawakuridhika kwamba kila mara ilizinduka salama. Walikiendesha chombo pacha kilichobaki duniani mpaka nacho kikaanguka vilevile, huku kumbukumbu za kila hatua zikiandikwa. Wakaona kazi ndogo ya kukusanya vipimo vya hewa ilikuwa inashika ufunguo ambao kazi kubwa ya kusafirisha data iliuhitaji. Kazi ya cheo cha kati ikaingia, ikamzuia mdogo asimalize, na mkubwa akakwama mlangoni. Mlinzi wa mfumo, akiona kimya, akawasha upya kila kitu. Tiba ikawa kumpa mwenye ufunguo cheo cha anayemsubiri, kwa muda ule tu, nayo ikatumwa kutoka duniani.

Wapo watakaosema: nunua kompyuta mpya. Lakini mtambo hudumu miaka mingi kuliko kompyuta yake, na mara nyingi programu na kadi yake havikubali mfumo mpya. Tena kompyuta mpya ikiunganishwa kwenye waya mbovu wa ardhi itarithi maradhi yaleyale. Wengine watasema muda ni mali, na kuwasha upya huchukua dakika mbili. Hoja hii ina uzito pale mgonjwa anaposubiri majibu, na hapo fundi awashe, baada ya kunakili anachokiona. Hata hivyo dakika mbili hizo hazijibu swali lililo zito zaidi: vipimo vilivyotoka muda mfupi kabla ya kuganda vilikuwa sahihi? Asiyejua chanzo hawezi kuapa.

Pingamizi gumu ni kwamba vyanzo vingine havipatikani, hata kwa fundi bora. Ni kweli. Wahandisi wa Pathfinder walikuwa wameuona mkasa huo kabla ya chombo kutua, wakajaribu kuurudia, ukawakimbia. Hawakuuita ndoto. Na zana za kurekodi hatua za programu, ambazo zilitumika katika majaribio, ziliachwa ndani ya programu iliyosafiri. Ulipotokea tena, walijua pa kutazama.