Hongera, Washona Makuti
Ingia mkahawa wa pwani ulioezekwa makuti saa saba mchana, jua likiwa la utosi, na utaonja ubaridi kabla hujaagiza chai. Siri iko mikononi mwa fundi. Majani ya mnazi hukunjwa juu ya ufito, yakashonwa, kisha makuti yakapangwa kwa kulaliana ili mvua iteleze na joto lipumulie juu. Boriti za mikoko nazo, urefu wake ndio uliopima upana wa vyumba vya Lamu, mji uliotambuliwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001. Msanifu hupigwa picha. Mshona makuti hatajwi. Hongereni, mafundi. Nawe mwenye mkahawa, usiwapunje ujira wao.