Hofu Huingilia Sikioni

Mtazamaji wa filamu ya kutisha akizidiwa hufumba macho, au hujifunika uso kwa kanga, akingoja mabaya yapite. Masikio huyaacha wazi. Amefunga mlango ambao adui hapitii, na ule anaopitia kauacha bila komeo. Ndiyo maana hata baada ya kufumba macho moyo huendelea kumdunda. Sisi tunaozungumza filamu vibarazani na majumbani tuna mazoea ya kusifu tunachokiona: uso wa mwigizaji, sura ya zimwi, damu iliyomwagwa kwa ustadi. Katika sanaa ya kutisha, sifa ya kwanza ni haki ya fundi wa sauti. Mwenye shaka azime sauti katikati ya filamu aliyokuwa akiiogopa na aendelee kutazama. Atamwona mtu aliyevishwa sura ya mpira akitembea taratibu kwenye ujia wenye taa hafifu, basi.

Jambo hili bibi zetu walilijua zamani. Baada ya paukwa na pakawa hawakuwa na picha ya kuonyesha. Zimwi lilipokaribia, sauti ya msimulizi ilishuka, maneno yakapungua, kisha likaja lile koo zito la zimwi lenyewe, na watoto wakasogeleana. Hollywood ililifikia somo hilohilo mwaka 1942, katika filamu ya Cat People iliyotayarishwa na Val Lewton na kuongozwa na Jacques Tourneur. Bajeti ilikuwa ndogo, na chui wa kutisha kila dakika hangepatikana. Mwanamke mmoja anatembea peke yake usiku kando ya bustani, na nyuma yake anafuata mwingine ambaye huenda si binadamu kamili. Tunasikia viatu vya visigino, jozi mbili, kila jozi na mwendo wake. Kisha jozi moja inanyamaza. Hakuna kilichobadilika machoni petu zaidi ya ukuta na taa za barabarani, lakini kunyamaza kule kunatosha kumkimbiza mwanamke yule, na sisi pamoja naye. Ghafla kinasikika kitu mfano wa mngurumo wa mnyama, na kumbe ni basi linalosimama mbele yake. Wanafilamu mpaka leo huita mbinu hiyo basi la Lewton.

Mfano ninaouthamini kuliko yote ni Jaws ya mwaka 1975. Papa wa bandia aliyeundwa kwa ajili ya filamu hiyo alikuwa akiharibika kila mara ndani ya maji ya chumvi, hata Steven Spielberg akalazimika kupiga sehemu kubwa ya filamu bila yeye. Pengo hilo lilizibwa na John Williams kwa noti mbili za besi, zinazoanza polepole na kuongeza kasi kadiri hatari inavyosogea. Kila mtu anazikumbuka noti hizo. Wachache hukumbuka jinsi zilivyotumika, na hapo ndipo ustadi ulipo. Mapema katika filamu sikio linafundishwa sheria moja: noti zikisikika, papa yupo. Baadaye pezi linaonekana majini, ufuo mzima unapiga mayowe, watu wanakanyagana kutoka baharini, na muziki uko kimya kabisa. Pezi lile ni la bandia, mzaha wa watoto wawili. Waliokuwa wakitazama tu walidanganyika. Muziki haukusema uongo. Mtazamaji anaanza kuiamini sheria kama mtoto anavyoamini neno la mzazi. Kisha, filamu ikiwa imekwenda mbali, mkuu wa polisi anatupa chambo baharini huku akinung'unika, na kichwa cha papa kinaibuka nyuma yake bila noti hata moja kutangulia. Sheria imevunjwa na tuliyemwamini. Tangu hapo hakuna dakika ya usalama, maana hata kimya hakiaminiki tena. Kumjengea mtu imani kwa zaidi ya saa nzima ili uivunje kwa sekunde moja ni kazi ya subira kubwa, na sijaona kamera peke yake ikiifanya.

Atakayepinga atataja mauaji ya bafuni katika Psycho ya mwaka 1960, akisema pale ukataji wa picha ndio uliotisha. Ni kweli picha zile zimekatwa kwa ufundi wa hali ya juu. Lakini mwongozaji mwenyewe, Alfred Hitchcock, alitaka tukio lile lisiwe na muziki, na Bernard Herrmann akauandika hata hivyo, kwa ala za nyuzi peke yake, fidla zikikwaruza mfano wa ndege anayechinjwa. Hitchcock alipousikia akabadili nia. Kama picha zingetosha, yeye aliyezibuni ndiye angekuwa wa kwanza kushikilia hivyo. Wengine watasema filamu za kimya nazo zilitisha, na kutaja Nosferatu ya mwaka 1922. Filamu ile ilitungiwa muziki wake na Hans Erdmann. Ukimya ulikuwa kwenye mkanda, ukumbini muziki ulipigwa.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba sauti imekuwa njia ya wavivu: paka anaruka kutoka kabatini, mshindo unapasua spika, mtazamaji anashtuka kisha anacheka. Nakubali. Lakini kushtuka si kuogopa. Kushtuka ni kazi ya mwili, na hata mlango ukibamizwa na upepo utakushtua. Kuogopa kunahitaji kungoja. Anayebamiza bila kutungojesha hajaifanya kazi tunayoisifu hapa.

Tamthilia za televisheni zinaonyesha hivyo hivyo kwa njia ya utulivu. The Sopranos haikutungiwa muziki wa kuandamana na matukio. Usiku wa tarehe 10 Juni 2007, katika kipindi cha mwisho, familia imekaa mgahawani, wimbo unapigwa, kengele ya mlango inalia kila anayeingia, na kila kengele inatuinua vitini. Kisha wimbo unakatwa katikati, na vinabaki giza na kimya. Watazamaji wengi walidhani televisheni zao zimeharibika. Giza peke yake lisingefanya hivyo. Kilichouma ni ule wimbo uliokatwa.

Mafundi hawa hawajulikani sana. Sauti ya shetani katika The Exorcist ya mwaka 1973 ni ya Mercedes McCambridge, ambaye jina lake halikuwekwa kwenye orodha ya waigizaji mpaka alipolidai. Tuzo ya Oscar ya sauti ilikwenda kwa filamu ileile. Hapa kwetu hali ni ngumu zaidi: tamthilia nyingi za Kiswahili zina waigizaji hodari ambao maneno yao humezwa na upepo ulioingia kwenye maikrofoni, au na kinanda kinacholia machozi kabla mhusika hajalia. Watayarishaji wa Dar es Salaam na Nairobi, mtafuteni fundi wa sauti kabla hamjakodi kamera, mlipeni vizuri, na mliandike jina lake mahali linaposomeka.